Uzi wa Paja la Kulia

Siku tuliyomzika Wairimu nilihesabu viti. Mwenye hema alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba ameleta viti mia mbili. Nilipohesabu nikapata pungufu, nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, upungufu ukawa uleule. Watoto wangu waliniomba niache, wakasema leo si siku ya mambo hayo. Lakini mtu afanye nini na macho yake siku kama ile? Mbele kuna jeneza, kando kuna akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, nyuma kuna sufuria za wali. Viti pekee ndivyo vilivyotazamika bila kuumiza. Basi nikawa nabishana na kijana wa hema, kwa sauti ya chini kwa heshima ya marehemu, na nilikuwa nimekaribia kumshinda, wakati mjukuu mmoja alipomleta bibi kizee akimshika mkono, akamkalisha karibu nami, akaenda kumtafutia chai. Nilimtambua kwa kikohozi kabla ya uso. Alikuwa Mama Njeri, jirani yetu wa Ruiru, yule aliyekaa chumba cha pili mwaka tuliooana, na kati yetu naye hapakuwa na kitu ila ubao.

"Wewe mtu wa Kisumu," akasema. Mimi ni wa Bungoma, na Kisumu sijawahi kulala hata usiku mmoja, lakini kwa Mama Njeri nchi yote iliyo ng'ambo ya Nakuru ni Kisumu, na sikuona faida ya kumrekebisha siku ile baada ya kushindwa maisha yote. "Bado unahesabu tu?"

"Nisipohesabu tutaibiwa, Mama Njeri."

"Hata hapa?"

"Hasa hapa. Aliyefiwa ndiye anaibiwa vizuri."

Akacheka kidogo, akanywa chai yake, akaitazama picha ya Wairimu waliyoiweka juu ya meza. Kisha akasema, kama mtu anayetoa jiwe kwenye kiatu, "Acha nikuambie kitu, kwa sababu sasa hawezi kunikataza. Ule uzi ulikuwa unasokota jioni, unaukumbuka? Hakuna hata kiondo kimoja kilisukwa na huo uzi."

Nikamwambia hilo haliwezekani, nilisokota miezi mitatu, pima nilizipima mimi mwenyewe.

"Ulikuwa unasokota kinyume," akasema. "Mkono wako ulikuwa unarudi pahali wa wengine unaenda. Uzi kama huo ukiusuka unajifungua wenyewe. Kila asubuhi lori la kiwanda likishawachukua alikuwa ananiletea, tunaufungua wote, tunausokota upya. Mimi nikamwambia, Wairimu, si umwambie tu bwana yako tupumzike? Akasema hapana. Akasema nikimwambia ataacha kukaa."

Kijana wa hema alirudi akasema sawa mzee, nimekubali, nitapunguza. Ni mara ya kwanza maishani nimeshinda bei na sikujua nimeshinda nini.

Mwaka ule ulikuwa hamsini na saba. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya maduka ya Ruiru, mahali ambapo ukisimama mlangoni unasikia gari la moshi likipumua stesheni. Kilikuwa cha mbao na mabati, na sakafu ya udongo ambayo Wairimu aliipaka kinyesi cha ng'ombe na majivu kila Jumamosi mpaka ikang'aa kama ngozi ya kiatu. Kitanda kilichukua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa sebule, jikoni na, mvua ikinyesha, bafu. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kamba na magunia huko Thika, na sikuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa mdomo. Ningeweza kumshusha mwuza vitunguu mpaka akajiuliza kwa nini aliamka. Wairimu alikuwa amelelewa kwenye shamba la kahawa la mzungu upande wa Theta. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kibukusu changu hakikumfaa kitu, na Kikuyu nilichokijua mimi kilikuwa cha sokoni tu, yaani bei na matusi. Nikimpenda nilimpenda kwa lugha ambayo si ya mama yake wala ya mama yangu, na pengine ndiyo sababu tulitumia mikono sana.

Nasema mikono kwa sababu tulikuwa watu wa kutengeneza. Hatukuwa na kitu, kwa hiyo kila kitu kilikuwa bado kinangoja kutengenezwa. Taa yetu ilikuwa koroboi, moshi wake ukipanda ukutani, basi nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaukata tako, nikautoboa kwa msumari matundu mengi bila mpango, nikaufunika juu ya moto. Ukuta ukajaa nyota. Wairimu alikaa kitandani akazitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini upande wa mlangoni nyota ni chache. Nikamwambia msumari ulichoka. Kesho yake nilipotoka kazini nilikuta ameongeza matundu yeye mwenyewe, tena kwa mstari ulionyooka kuliko wangu. Yeye naye alinishonea kitambaa cha kuwekea chakula cha mchana, akakitarizi ndege mwekundu pembeni. Ndege mwenyewe alikuwa na miguu mitatu. Aliposhona wa tatu, alisema, uzi ulikuwa umebaki, ungepotea bure. Nikajua nimeoa vizuri. Vikombe vyetu vilikuwa viwili lakini kimoja alikipimia unga, kwa hiyo chai tulikunywa kikombe kimoja, zamu kwa zamu, na nilikuwa nikihesabu mafunda yake kumwonyesha anavyonidhulumu. Alikuwa akinidhulumu. Sikutaka kikombe cha tatu.

Kiondo ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliwasukia wanawake wa mashambani, na wengine walitoka mpaka Kalimoni kumwekea oda. Kabla ya kusuka kuna kusokota, na kusokota ndiko kunakokula siku. Alikaa chini juu ya gunia, mguu wa kulia ameunyoosha, nguo imepanda juu ya goti, majivu kidogo kando kwenye kigae. Alichukua nyuzi za katani zilizoparuliwa, akaziweka mbili mbili juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja kuelekea gotini, zikaviringana, akaziachia zikakumbatiana zenyewe, akaongeza nyingine. Nilikuwa nimetoka kiwandani ambako mashine moja ilisokota katani ileile tangu asubuhi kwa kelele ya kupasua masikio, ikajaza pipa baada ya pipa. Kisha nafika nyumbani namkuta mke wangu anafanya kazi ya mashine kwa paja moja, kimya, na nyota za mkebe mgongoni mwake. Jioni moja ya mvua ya Aprili nilishindwa kutazama tu.

"Nipe nijaribu," nikasema.

"Mwanaume hasokoti."

"Kwenu."

"Hata kwenu."

"Kwetu wanaume wanasokota. Kamba za kufungia ng'ombe ni sisi."

"Kwa hivyo mimi ni ng'ombe."

"Sijasema. Nimesema najua kusokota."

Alinitazama kuona kama ninatania. Kisha akasogea kwenye gunia, akanipa nafasi na fungu dogo la katani, la zile fupi, kama unavyompa mtoto unga wa kuchezea. Nikakunja suruali. Mara ya kwanza kiganja kilipopita, katani ilichukua nywele za paja ikaenda nazo, na nikatoa sauti ambayo sijaitoa tena mpaka leo. Mara ya pili ikachukua nyingine. Wairimu aliweka katani yake chini. Alinyanyuka, akatoa wembe kwenye sanduku, akaleta maji ya moto na sabuni, akapiga magoti mbele yangu akaninyoa paja la kulia, lote, kuanzia gotini mpaka suruali iliporuhusu. Alipofika katikati kicheko kilimshinda. Akauma pembe ya shuka asisikike, mabega yakitikisika, wembe mkononi, nami namwomba akumbuke ameshika nini.

Sauti ya Mama Njeri ikatoka ubaoni. "Nyinyi, mnachinja nini huko?"

"Kuku," Wairimu akajibu.

Ubao ukagongwa. "Kuku anacheka?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kuanzia siku ile, nikishuka kwenye lori nilinawa, tukala, ugali na mboga na siku njema maharagwe, kisha tukakaa juu ya lile gunia bega kwa bega, miguu yetu miwili imenyooka kuelekea mlangoni, mmoja laini kwa maumbile na mwingine laini kwa wembe. Nilisokota kama nilivyofundishwa kwetu, nikivuta kuelekea kiunoni. Sikujua kwamba kuna kwenda na kuna kurudi, kwamba uzi una upande. Kamba ya ng'ombe haiulizi. Nilimaliza fungu, nikalipima kwa kunyoosha mikono, pima moja, pima mbili, nikamtangazia jumla, nikapima tena nimhakikishie. Alichukua uzi wangu akausogeza karibu na taa, akauvuta kwa vidole, akautazama kwa makini. "Huu uko na nguvu," alisema. Au, "Leo umenishinda." Nami nilikuwa mtu wa kusoma uso. Nilijua mwenye kuku anayesema ameshiba na mwenye kuku ambaye watoto wake wanamngoja. Nilijua nani atapunguza na nani atafunga mzigo aende. Mke wangu alinidanganya kila jioni, umbali wa mkono, chini ya taa niliyoitoboa mwenyewe, na sikuona chochote. Sasa ninapokumbuka vile alivyouvuta ule uzi, taratibu, karibu na moto, naona kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia kuufungua asubuhi.

Tulizungumza nini? Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nakumbuka kidogo mno. Nakumbuka nilimsimulia nilivyomshusha mwuza mitumba wa Thika bei ya koti mpaka akanipa na vifungo vya akiba, naye akaniuliza nitavivaa wapi hivyo vifungo. Nakumbuka aliwaiga wanawake wa shamba wakigombania debe la kupimia kahawa, kila mmoja na sauti yake, mpaka Mama Njeri upande wa pili akamsahihisha, hapana, huyo Wangari hasemi hivyo, anaburuta. Nakumbuka jioni moja aliniambia kwamba akizeeka atataka chumba chenye madirisha mawili, la kuangalia na la kuangaliwa. Nikamwambia dirisha la pili litaongeza kodi. Akasema basi hilo la kuangaliwa nitalifunga kwa pazia, mwenye nyumba asijue. Mengine yamekwenda. Nilihesabu pima za uzi nikaacha maneno yapite, na uzi wenyewe, kumbe, ulikuwa hewa.

Kiwandani, vumbi la katani linawasha, kwa hiyo zamu ikiisha tulioga kwenye mabomba ya uani, wanaume wote pamoja. Nilikuwa nimejifunza kusimama upande. Lakini siku moja sabuni iliniponyoka, nikainama, na Omondi, mwenzangu wa mashine ya pili, mtu ambaye hakuwahi kuona kitu akakiacha, akazima bomba lake.

"Wafula," akasema, "huo mguu mmoja ni wa nani?"

Wakageuka wote. Nikasema nilikuwa na jipu, dresa wa zahanati akaninyoa.

"Jipu lenye urefu wa paja zima?"

"Lilikuwa linatembea."

"Nani amekunyoa kweli? Sema, tumpelekee na huo wa pili."

Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imepanda lori ikashuka nasi Ruiru. Mtu mmoja alikuwa amemsikia Mama Njeri, au Mama Njeri alikuwa amemsikia mtu, na sasa wanaume wa baa walijua kwamba yule wa Bungoma anasokotea mkewe uzi wa kiondo. Waliniuliza kama nimeshaanza kumbebea kuni kichwani. Niliwajibu kwamba wao wake zao wanasokota peke yao na bado hawana blanketi. Nilijibu vizuri, nilijibu kila mtu, na kwa wiki kadhaa niliendelea kunyolewa kila Jumapili mchana, mlango umefungwa, kama watu wanaotengeneza pombe ya magendo. Sikuacha kwa sababu ya kicheko. Nataka hilo lijulikane. Lakini siwezi kusema kicheko hakikuwa pale siku meneja aliponiita.

Julai ilikuwa ya baridi, ukungu haukuinuka Ruiru mpaka saa nne. Kiwanda kilitangaza kwamba lori la Ruiru litasimama mpaka lingine lipatikane. Anayetaka kazi ahamie vyumba vya wafanyakazi Thika, wanaume watupu, wanne chumba kimoja. Siku hiyohiyo meneja akaniambia nyapara wa zamu yetu anaondoka, na kama nitakaa Thika nafasi ni yangu. Wairimu asingeweza kuja. Hali ya hatari ya serikali ya mkoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na mwanamke Mkikuyu hakuhama kutoka hapa kwenda pale kwa kupenda tu. Ilitaka pasi na muhuri na mtu wa kumjua. Ningeweza kukataa. Wawili walikataa, wakapata vibarua Ruiru kwenye kahawa, wakala kidogo wakalala makwao. Mimi nilifanya hesabu. Niliifanya nikiwa kwenye lori, nikairudia nilipofika stesheni, na mara zote mbili ilitoka sawa: cheo, mshahara, na juu ya yote uzi. Kwa sababu nyapara huruhusiwa kuchukua mabaki ya mashine, vipande vinavyobaki chini ya pipa. Ningemletea Wairimu kwa Jumamosi moja uzi ambao sisi wawili tungesokota mwezi mzima.

Nilimwambia baada ya kula. Hakutandika gunia siku hiyo, kana kwamba alijua.

"Kwa hivyo utakuwa unakuja Jumamosi," akasema.

"Jumamosi mchana mpaka Jumapili jioni. Na hutasokota tena. Uzi wa mashine, umenyooka, hauna kifundo hata kimoja."

"Uzi wa mashine unanuka mafuta."

"Unaoshwa."

"Na jioni?"

"Jioni utapumzika. Mguu huo umechoka."

"Mm," akasema Wairimu.

Nilizijua zile sauti. Nilikuwa nimezisikia kwenye kila soko kutoka Thika mpaka Ruiru. Kuna "mm" ya mtu aliyekubali, na kuna "mm" ya mtu anayeshika bidhaa yake kifuani akingoja umwulize tena. Kwa mwuza viazi ningejua papo hapo. Lakini huyu alikuwa mke wangu, na mimi nilikuwa nimeleta habari njema, na mtu aliyeleta habari njema husikia kile alichokuja kusikia.

Akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. "Kaa mpaka baridi iishe," akasema. "Baridi ikiisha uende."

"Nafasi haitangoja baridi. Mpaka mwisho wa wiki."

"Mwisho wa mwezi, basi."

"Wiki hii, na nitakununulia blanketi. Lile zito, la mistari."

Akakunja kitambaa alichokuwa akifutia. Kisha akasema sawa, kama ni la mistari. Nikafurahi. Nilikuwa nimemshusha kutoka baridi nzima mpaka siku tatu na blanketi moja, na nilikwenda kulala nikijiambia kwamba hata nyumbani mkono wangu haujapoteza ujuzi. Yeye hakuwa akiuza blanketi. Alikuwa akiomba jioni, na aliomba kwa njia pekee ambayo alijua mimi nasikia, kwa kutaja kiasi na kukubali kupunguza.

Thika niliishi na Omondi na wengine wawili kwenye chumba cha mawe chenye dirisha la nondo. Maharagwe yalipikwa kwenye sufuria moja, na kila mmoja alichunga kijiko cha mwenzake kisimzidi. Jioni zilikuwa ndefu. Wengine walicheza karata. Mimi nilikuta mkono wangu wa kulia ukipanda na kushuka juu ya goti peke yake, bila katani, mpaka siku moja Omondi akanitazama kutoka kitandani kwake.

"Nyapara," akasema, na hakukuwa na mzaha ndani ya sauti, "si uende tu nyumbani?"

Nikamwambia nakwenda Jumamosi.

"Mimi yangu iko Siaya. Jumamosi haifiki. Wewe yako iko pale," akaelekeza kidole kama vile Ruiru ilikuwa nyuma ya mlango. "Ningekuwa na mke pale, meneja angenitafuta na mbwa."

Nilimwambia hajui hesabu. Nywele za paja zilikuwa zimeanza kurudi, zikichoma suruali.

Kila Jumamosi nilipanda basi na mzigo wa mabaki kwenye gunia. Yalikuwa mazuri, wallahi, siwezi kusema uongo hata leo. Marefu, yamekazwa, sawa mwanzo mpaka mwisho. Wairimu aliyaosha kwa maji ya majivu, akayaanika kwenye kamba uani, akasuka. Vyondo vikatoka upesi. Wateja wakaongezeka, blanketi la mistari likapata mwenzake, tukanunua kiti chenye mgongo. Alinishukuru kila mara. Na kwa kuwa sasa hakuwa na haja ya kukaa chumbani na katani na majivu, kazi ya kusuka ikawa ya kutembea nayo. Akaichukua akaenda kukaa kwa Mama Njeri, au uani na wanawake wengine. Jumamosi moja ya Oktoba nilifika mapema. Kutoka kona ya duka nilisikia sauti yake akimwiga mtu, na wanawake wakicheka mpaka mmoja akaomba aache, tumbo linamuuma. Nilitembea haraka, nikitaka kusikia ni nani anayeigwa. Nilipotokea uani wakanyamaza. Wakaniamkia vizuri, mmoja akasimama akanifutia kile kiti chenye mgongo kwa khanga yake, na Wairimu akaniuliza safari ilikuwaje. Nikakaa. Nilikuwa nyapara, nilikuwa mgeni, na kile walichokuwa wakikicheka sikuambiwa. Nilimwuliza usiku, akasema ni upuzi tu wa wanawake.

Lori likarudi mwisho wa Novemba, jipya, na kiti cha mbele kando ya dereva kikawa changu. Cheo nilikuwa nacho, mshahara nilikuwa nao, na sasa nilikuwa na jioni zangu pia. Niliona hesabu yangu imelipa pande zote, hakuna kilichopotea, na njiani kutoka Thika nilimweleza dereva kwa kirefu jinsi mtu mwenye subira anavyopata vyote.

Jioni ya kwanza tulikula. Alikuwa amepika kuku, kuku wa kweli, kwa ajili yangu. Nilinawa, nikatafuta wembe kwenye sanduku, nikanyoa paja mwenyewe kwa haraka, nikajikata mahali pawili, nikatandika gunia sakafuni nikakaa upande wangu, mguu nimeunyoosha. Wairimu alikuwa akifunga kazi yake kuipeleka kwa Mama Njeri. Akasimama.

"Unafanya nini?"

"Nikusaidie."

Alinitazama pale chini. Alitazama paja, na damu kidogo iliyokuwa ikishuka, na ule upande wa gunia ulio wazi kando yangu. Nakumbuka alitazama muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. Angeweza kukaa. Mimi ningeweza kusema, acha uzi, kaa tu. Maneno yenyewe ni matatu au manne, hayana gharama, na katika miaka yote iliyofuata, ambayo ilikuwa mingi na haikuwa mibaya, tukiwa na watoto na shamba na ile nyumba ya madirisha ya kutosha, sikuwahi kuyasema, kwa sababu sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuyadai.

Akainama, akanifuta damu kwa kidole gumba.

"Uzi uko mwingi, Wafula," akasema. "Angalia chini ya kitanda. Hata tukizeeka hautaisha. Wewe pumzika."

Akachukua kiondo chake akatoka. Nikainamisha kichwa nikaangalia chini ya kitanda, na kweli, yalikuwa mafungu kwa mafungu ya uzi wa mashine, mpaka ukutani, yote nimeyaleta kwa mkono wangu. Nikafurahi kama mtu aliyesifiwa. Nikakunjua suruali, nikajifunika lile blanketi la mistari, na nikalala mapema.